Mwanafizikia Aliyesomeshwa Udaktari kwa Deni

Mwaka jana nilimsindikiza baba kliniki ya sukari. Walimtia matone ya kupanua mboni, tukakaa kwenye benchi kusubiri, kisha daktari akazima taa ya chumba, akashika kifaa kama tochi ndogo na kumsogelea hadi nikadhani watagongana vipaji. Alikuwa anatazama mishipa ya damu. Jicho ndilo dirisha letu: pale nyuma, kwenye retina, mishipa inaonekana yenyewe ikiwa hai, bila mtu kupasuliwa. Alipomaliza akanigeukia na kuniuliza kama mimi nimeshapima. Nikasema bado.

Nasoma fizikia, kwa hiyo nikirudi hosteli nilitaka kujua kile kifaa kinafanyaje kazi na nani alikibuni. Ndipo nikakutana na Hermann von Helmholtz, na kwa kweli maisha yake nimeyaona ya karibu kuliko nilivyotegemea.

Alizaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1821. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wa mwalimu, hata kule, haukutosha kumsomesha mtoto fizikia. Kijana alikuwa anaitaka fizikia kufa. Lakini serikali ya Prussia ilikuwa na chuo Berlin kilichosomesha udaktari kwa gharama yake, kwa sharti kwamba ukimaliza unalitumikia jeshi miaka 8. Akakubali. Sisi tunaokatwa mkopo kwenye mshahara tunalalamika. Huyu alikuwa anakatwa miaka.

Akawa daktari wa kikosi cha wapanda farasi Potsdam, na ndani ya kambi akajitengenezea kijimaabara. Akiwa hukohuko jeshini, mwaka 1847, aliandika kuhusu uhifadhi wa nishati, ile kanuni tunayoikariri kidato cha tatu. Jarida kubwa la fizikia liliikataa makala yake, akaichapisha kama kijitabu. Mwaka uliofuata akaachiliwa kabla deni halijaisha, na 1849 akapata uprofesa wa fiziolojia Königsberg. Huko akapima kasi ya ujumbe unaopita kwenye neva za chura, jambo ambalo mwalimu wake, Johannes Müller, alidhani halitapimika. Ilitoka takriban mita 27 kwa sekunde. Pikipiki ikikazwa inaipita!

Sasa jicho. Mwishoni mwa 1850 Helmholtz alikuwa anaandaa lekcha tu. Rafiki yake Ernst Brücke alikuwa ameshajua namna ya kulifanya jicho la mtu ling'ae kama la paka usiku, na Helmholtz alitaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini linang'aa. Mboni huonekana nyeusi kwa sababu mwanga unaoingia hurudi kwa njia ileile ulioingilia. Ukitaka kuudaka, inabidi jicho lako liwe palepale ilipo taa, na ukiweka kichwa pale unaiziba taa. Brücke alifika hadi kwenye kung'aa akaishia hapo. Helmholtz akajiuliza swali moja zaidi: huo mwanga unaotoka unatengeneza taswira gani, na wapi?

Jibu lake lilikuwa vipande vyembamba vya kioo vilivyoinamishwa. Taa inakaa pembeni, kioo kinaurusha mwanga ndani ya jicho la mgonjwa, na wewe unachungulia kupitia kioo hichohicho, ukiwa na lenzi ya kuisafisha taswira. Vifaa? Lenzi za miwani, vioo vya kufunikia sampuli za hadubini, kadibodi na gundi. Alihangaika karibu wiki nzima, mara kadhaa nusura aache, na angeacha kama hesabu zisingemwambia kwamba lazima iwezekane. Halafu akaiona retina ya binadamu aliye hai, na mishipa yake imetawanyika kama mizizi.

Charles Babbage, yule wa mashine za kukokotoa, alikuwa ametengeneza kitu cha namna hiyo mwaka 1847, ila daktari aliyemwonyesha hakuona cha maana, kikawekwa kando. Hata cha Helmholtz kilipotangazwa 1851, wapo madaktari waliosema ni hatari kumwaga mwanga kwenye jicho gonjwa. Lakini miaka hiyohiyo ya 1850, Eduard Jaeger wa Vienna alikitumia kifaa cha aina hii akaeleza mabadiliko kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari. Kabla ya hapo mgonjwa alipofuka na daktari naye hakuona kitu.

Helmholtz mwenyewe alishahamia mambo mengine: rangi, sauti, sumaku. Mke wake Olga alifariki 1859. Mwaka 1871, akikaribia miaka 50, hatimaye akawa profesa wa fizikia, Berlin. Alianguka kwenye ngazi za meli akitoka Chicago mwaka 1893, na Septemba 1894 akafa, miezi michache baada ya mwanafunzi wake Heinrich Hertz.

Kilichonikosesha usingizi ni cha karibuni zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wa makamo karibu 8,000 waliopigwa picha za retina wakiwa hawana kisukari. Walipofuatiliwa miaka kama mitatu na nusu, wenye vijiateri vyembamba zaidi ndio walioangukia kisukari zaidi. Sio kwamba wembamba huo ndio unaoleta sukari, hilo halijathibitishwa. Ila inawezekana mishipa huanza kubadilika kabla kipimo cha damu hakijasema lolote, na mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba ukiwa na miaka 22 na huna kiu ya ajabu, uko salama.

Nilipima wiki iliyofuata, sukari ikawa sawa. Nikaomba waniangalie na macho. Daktari alicheka, lakini akazima taa. Nilichoona mimi ni mwanga mkali tu na, kwa sekunde moja, kivuli cha mishipa yangu mwenyewe, matawi meusi yanayotoweka ukiyafuata. Baba amechomwa leza jicho la kushoto mara mbili. Gazeti bado analisoma, akiwa amekaa dirishani.