Johannes Rebmann, Mtumishi Aliyengoja

Jina la Johannes Rebmann twalijua kwa ajili ya theluji ya Kilimanjaro. Watoto shuleni hufundishwa ya kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza aliyeleta habari za kuiona, tarehe 11 Mei 1848. Hayo ni kweli. Lakini safari ile ilikuwa ya majuma machache tu, nayo kazi yake katika nchi hizi ilikuwa ya miaka 29. Leo twapenda kusimulia habari za miaka ile mirefu, kwa maana mna fundisho ndani yake kwa kila aliyechoka kungoja.

Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisomeshwa kazi ya misioni mjini Basel, kisha akatumwa na chama cha Waingereza, Church Missionary Society. Mwezi wa Juni 1846 alifika Mombasa, akamkuta Bwana Krapf, mtu wa nchi yake, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga pwani ile. Mwezi wa Agosti wakapanda wote wawili vilima vya Rabai, huku homa imewashika, wakaanza kujenga.

Mara tatu Rebmann alikwenda nchi ya Wachaga. Alipoandika habari za theluji, wataalamu wa London waliokuwa hawajakanyaga nchi hizi walimcheka, wakasema macho yake yamemdanganya. Hakupata kuaminiwa hata mwaka 1862, Baron von der Decken na Otto Kersten walipoupanda mlima na theluji ikawaangukia. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya mali aliyoichukua kwa safari ya mbele. Akarudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu, na mlango wa Uchaga ukafungwa nyuma yake.

Hapo ndipo kungoja kwake kulipoanza. Bwana Krapf alitaka vituo vingi vienezwe upesi mpaka ng'ambo ya pili ya Afrika. Rebmann hakukubali, aliona ni heri kukaa mahali pamoja na kujuana na watu. Krapf akaenda zake mwaka 1853 kwa ugonjwa, na mwenzao Erhardt mwaka 1855. Rebmann akabaki pamoja na mkewe Emma, waliyeoana mwaka 1851. Mtoto wao alikufa akiwa mchanga. Mwaka 1857 Wamasai waliipiga nchi ile, hata ikambidi kukimbilia Unguja, akakaa huko kama miaka miwili. Kisha akarudi, akaanza tena. Mwaka 1866 Emma naye akafa. Tena macho yake yakaanza kufifia, mpaka akawa kipofu.

Na matunda yalikuwa wapi? Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Baadaye walikuja Abe Gunja na wengine, lakini walikuwa wachache wa kuhesabika kwa upesi. Wageni waliopita Rabai walistaajabu kuona kazi ya miaka mingi imezaa kidogo hivi. Wengine walimlaumu ya kuwa amekaa tu. Hatusemi kwamba lawama zote zilikuwa bure, maana twajua upweke mrefu waweza kumfanya mtu ajifungie ndani. Lakini tutazame alichokuwa akifanya katika kukaa kwake.

Alikuwa akikusanya maneno. Siku baada ya siku alikaa na watu, akawauliza, akaandika: lugha ya Warabai na jirani zao, Kiswahili, hata lugha ya Kinyassa, aliyofundishwa na Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka bara ya mbali. Aliifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kamusi ya Kinyassa ilipigwa chapa mwaka 1877, naye amekwisha kufa. Hivyo hakungoja kama mtu aketiye njiani akitazama jua linavyokwenda; alingoja kama mkulima atengenezaye jembe lake kabla mvua haijaja.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alimkuta Rabai, mzee asiyeona, angali kazini. Miaka miwili baadaye, wasaidizi wapya walipokwisha kuja na makao ya watumwa waliowekwa huru kuanza kujengwa karibu na Mombasa, Rebmann alirudi Ulaya. Katika miaka 29 hakuwa amekwenda kwao hata mara moja. Aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mtoto wa Mkristo wa Rabai akawa macho ya mwalimu wa baba yake. Mwezi wa Oktoba 1876 akafariki, akazikwa Korntal.

Mzee Simeoni alipewa kuona kwa macho yake kile alichokingojea. Rebmann hakupewa. Mwaka 1893, miaka 44 tangu alipofukuzwa na umaskini kutoka Machame, wamisionari wa Leipzig waliingia Machame ileile, na sharika za Kilutheri zikasimama chini ya mlima aliochekwa kwa ajili yake. Yeye alikuwa kaburini.

Basi ndugu walimu, ninyi wenye wanafunzi watatu tu darasani, nanyi mnaoomba miaka mingi kwa ajili ya mtoto aliyepotea au mgonjwa asiyepona, msipime kazi yenu kwa yale mnayoyaona jioni hii. Tusiulizane tumevuna kiasi gani, bali kama kesho asubuhi tutakutwa mahali petu, jembe mkononi. Mavuno yana Bwana wake.