Robert Koch na Kiazi Kilichochemshwa

Safari hii nawaletea daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyezaliwa mwaka 1843. Ndiye aliyetambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, kisha akaenda Misri na India kukisaka cha kipindupindu.

Lakini mie kilichonivutia ni kiazi! Koch aliona kiazi kilichochemshwa, kikikatwa na kuachwa wazi, huota vidoa vya rangi mbalimbali. Kumbe kila kidoa ni ukoo wake wa vijidudu. Basi akawa akikata viazi vya uchunguzi kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisije kikapandikiza vingine.

Hebu tazama jikoni kwetu Ndera. Kisu kimepasua samaki mbichi wa Mto Tana, hicho hicho kikate embe na kachumbari, vitu ambavyo haviendi motoni. Nyumbani nimeomba tutenge visu viwili, na ubao wa samaki tunausugua kwa sabuni na maji moto.

Mwaka 1906 Koch alifika visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta tiba ya malale. Dawa aliyowapa wagonjwa iliwapofusha baadhi yao, na hilo silimsifii. Alifariki mwaka 1910 kwa maradhi ya moyo.