Bingwa wa Milima Aliyeuawa na Mbu

Neno malaria, ambalo kila mtoto wa shule nchini analijua, asili yake ni Italia. Ni muungano wa maneno mawili yenye maana ya hewa mbaya, kwani wazee wa huko waliamini kwamba homa hiyo ililetwa na mvuke wa vinamasi. Ni Mwitaliano pia, Giovanni Battista Grassi, ambaye pamoja na wenzake alithibitisha mwaka wa 1898 kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. La kustaajabisha ni kwamba miongo sita baadaye, mmoja wa wanamichezo waliopendwa mno nchini humo alifariki kwa maradhi hayo hayo, huku madaktari wakimtibu maradhi mengine.

Mwanamichezo huyo ni Fausto Coppi, mwendeshaji baiskeli. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, jimbo la Piemonte, kwa wazazi wakulima. Angali kijana aliajiriwa katika duka la nyama mjini Novi Ligure, akawa anawapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Huko ndiko alikojulikana na Biagio Cavanna, mkandaji aliyekuwa kipofu. Cavanna hakuweza kumwona kijana huyu mwembamba akiendesha. Alimjua kwa vidole na masikio, akatambua kipaji na kukilea.

Mwaka wa 1940, akiwa na umri wa miaka 20 tu, Coppi alishinda mashindano ya kuizunguka Italia, yaani Giro d'Italia. Kisha vita vikamwita. Mwaka wa 1943 alitekwa na Waingereza nchini Tunisia, akawa mfungwa hadi vita vilipokaribia kwisha. Alirudi, akashinda Giro mara nne zaidi. Mwaka wa 1949 aliwahi kuwa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour de France katika mwaka mmoja, na mwaka wa 1952 akarudia. Katika Giro ya 1949, siku ya safari ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, aliwaacha wenzake akapanda na kushuka milima peke yake kwa kilomita 192. Gino Bartali, mpinzani wake mkuu, alifika karibu dakika 12 baadaye.

Tarakimu hizo sikuzielewa barabara hadi Julai 2019, nilipopanda mlima Izoard nchini Ufaransa kwa baiskeli ya kukodi ili kuyatazama mashindano ya Tour. Njia ya kutoka Briançon ina urefu wa kilomita zipatazo 20 na hufika mita 2,360 juu ya usawa wa bahari. Magari yalikwisha kuzuiwa. Tuliokuwa barabarani ni watazamaji, wazee kwa watoto, kila mtu akihema kwa namna yake. Chini kidogo ya kilele, upande wa pili, pana jangwa la mawe, na kwenye mwamba mmoja pamewekwa kumbukumbu ya Coppi na Mfaransa Louison Bobet. Wengi walishuka, wakasimama kimya. Waendeshaji wenyewe walipita kwa muda mfupi mno.

Naam, maisha yake hayakuwa ya ushindi mtupu. Mwaka wa 1951 nduguye Serse, mwendeshaji pia, alifariki baada ya kuanguka mashindanoni. Miaka michache baadaye Coppi aliiacha ndoa yake kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa mke wa mtu, na wote wawili wakashtakiwa, kwa kuwa sheria ya Italia enzi hizo iliuhesabu uzinzi kuwa jinai.

Desemba 1959 alialikwa pamoja na waendeshaji kadhaa wa Ulaya kushindana na kuwinda katika Volta ya Juu, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Aliporejea alishikwa na homa kali. Mwenzake waliyelala chumba kimoja, Raphaël Géminiani, alishikwa vivyo hivyo nchini Ufaransa. Madaktari wa Kifaransa walimpima damu, wakaona malaria, wakampa kwinini. Aliishi hadi mwaka wa 2024. Inasimuliwa kwamba jamaa zake walipiga simu Italia kutoa tahadhari, lakini hawakusikilizwa. Coppi alitibiwa kama mgonjwa wa homa ya mapafu. Alifariki mjini Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Madaktari wale hawakukosa elimu. Malaria ilikuwa imekaribia kutokomezwa nchini mwao, wakaacha kuifikiria. Muuguzi wa zahanati yoyote ya Kilifi au Siaya angeanza kwa kumwuliza mgonjwa ametoka wapi. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kukataa kuambiwa ni ujinga mbaya zaidi ukivaa joho la usomi.

Walimu wenzangu, tunaowapa wanafunzi alama kwa majibu peke yake, tuwape pia kwa maswali mema. Na ninyi wanafunzi, cheti kisiwazibe masikio. Yule kipofu wa Novi Ligure alimtambua Coppi kwa kusikiliza. Wenye macho walimpoteza kwa kutosikiliza.