Mtakatifu Fransisko Ksaveri na Kanisa Dogo la Malindi

Wapendwa wakatekumeni, huko Malindi, katika nchi ya Kenya, karibu na ufuko wa Bahari ya Hindi, lipo kanisa dogo sana lililojengwa na Wareno katika karne ya 16. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na paa lake ni la makuti. Ukutani, nyuma ya altare, ilichorwa zamani sura ya Yezu msalabani, nayo sasa imefifia. Nje yamo makaburi ya wasafiri waliofia mbali na kwao. Mtu aliyezoea makanisa ya parokia zetu angeweza kulidhani ghala. Lakini wageni hulizuru kwa sababu ya padri mmoja aliyeshuka Malindi mwaka 1542, akakaa siku chache tu, kisha akaenda zake.

Padri huyo ni Fransisko Ksaveri. Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, nchi ya Navara, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. (Wakati huo Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alikuwa amebatizwa miaka 15 kabla yake, mwaka 1491. Yafaa tulikumbuke jambo hilo sisi Wakongomani.) Mwaka 1525 alikwenda Paris kusoma, naye alitamani sana cheo na heshima. Huko alikutana na Ignasi wa Loyola, lakini kwa muda mrefu alimdharau. Hata hivyo Ignasi hakuchoka, na tarehe 15 Agosti 1534 Fransisko akaweka nadhiri pamoja naye na wenzao 5. Akapewa upadri mwaka 1537.

Mfalme wa Ureno alipoomba mapadri wa kwenda Uhindi, mtu mwingine ndiye aliyechaguliwa. Huyo akaugua, ndipo Fransisko akaitwa kwa ghafula badala yake. Akaondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35. Merikebu zilichelewa, ikawabidi kungoja upepo katika kisiwa cha Msumbiji kwa muda wa miezi 6. Wasafiri wengi walikuwa wagonjwa, naye aliwauguza mchana na usiku, mpaka yeye mwenyewe akashikwa na homa. Aliposafiri tena mwaka 1542, wenzake wawili walibaki ili kuwatunza wagonjwa.

Basi merikebu ikafika Malindi. Njiani alikuwa amekufa mtu mmoja, naye Fransisko akamzika huko kwa sala za Kanisa, na Waislamu wa mji walitazama mazishi hayo wakayasifu. Mkubwa mmoja wa Waislamu akamwuliza kama Wakristo wa Ulaya wanahudhuria sala, kwa maana mji ule ulikuwa na misikiti 17, na mitatu tu ndiyo iliyotumika, tena na watu wachache. Fransisko alilikumbuka swali hilo, akaliandikia Ulaya katika barua yake. Nadhani alikuwa na haki ya kulikumbuka, maana lingeweza kuulizwa katika kijiji chochote chenye kanisa.

Kutoka Malindi walifika kisiwa cha Sokotra, na hapo ndipo ninapowaomba mtulie msikilize vizuri. Watu wa kisiwa kile walijiita Wakristo, na walimheshimu Mtume Toma. Walikuwa na makanisa, misalaba na taa. Walisali mara nne kwa siku. Lakini hapakuwa na hata mmoja aliyejua kusoma. Wakuu wao walizishika sala kwa moyo tu, katika lugha ambayo wao wenyewe hawakuielewa. Na Ubatizo ulikuwa umekwisha kusahauliwa kabisa. Sisi wa Goma tuliona, mwezi wa Januari 2002, jinsi moto wa Nyiragongo ulivyoliteketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na Wakristo wakaendelea kusali na kufundishwa. Sokotra mambo yalikuwa kinyume: majengo yalisimama, ila mafundisho yalikuwa yamepotea. Fransisko alibatiza watoto wengi, na watu wakamsihi abaki nao. Alitaka kubaki, mkuu wa merikebu akamkataza, akiogopa asije akatekwa na Waturuki.

Wengine kati yenu huniuliza kwa nini mnangojeshwa, na kwa nini naulizia maana ya kila neno la Nasadiki, na hali mmekwisha kuikariri yote. Tazameni alivyofanya Fransisko baada ya kuiona Sokotra. Alifika Goa tarehe 6 Mei 1542, na mwaka huohuo akaenda kwa wavuvi wa kusini ya Uhindi, waliobatizwa miaka michache kabla bila kufundishwa. Akakusanya watu waliojua lugha mbili, wakamfasiria Ishara ya Msalaba, Nasadiki, Baba Yetu, Salamu Maria na Amri za Mungu kwa Kitamili. Akajifunza maneno hayo kwa taabu, akapita njiani akipiga kengele kuwaita watoto. Watoto wakawafundisha wazazi wao. Katika vijiji aliweka makatekista, nao walilipwa kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa viatu vya Malkia wa Ureno! (Sisi makatekista husoma habari hiyo kwa furaha.)

Akavuka hata Malaka na visiwa vya Maluku, na tarehe 15 Agosti 1549 akafika Japani. Huko mkalimani alimpa jina la Mungu lisilofaa, lililotoka katika dini ya Wabuda. Alipotambua maana yake, akaliacha mara moja. Kisha alitamani kuingia China. Akafa kwa homa katika kisiwa cha Shangchuan, mbele ya nchi hiyo, tarehe 3 Desemba 1552, akiwa na umri wa miaka 46. Aliyekaa karibu naye alikuwa Mkristo Mchina aitwaye Antoni.

Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622, na mwaka 1927 likamweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu. Mwili wake umehifadhiwa Goa. Mkono wake wa kuume, uliobatiza maelfu ya watu, uko Roma. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 3 Desemba.