Padri Aliyetafuta Mwanzo wa Ulimwengu

Usiku usio na mwezi toka nje utazame juu. Utaona nyota nyingi zisizohesabika. Je, umewahi kujiuliza vitu vyote hivyo vilianza lini? Wakristo na Waislamu husema Mungu ndiye aliyeviumba. Wataalamu wa sayansi nao wana maelezo yao. Watu wengi hudhani kwamba ukishika moja kati ya hayo, lazima ulitupe la pili. Sasa utasoma habari za mtu aliyeyashika yote mawili maisha yake yote, wala hakuyachanganya.

Mtu huyo ni Georges Lemaître. Alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika mji wa Charleroi, Ubelgiji. Hiyo ndiyo nchi ndogo ya Ulaya iliyotawala Kongo mpaka mwaka 1960, na Rwanda na Burundi mpaka mwaka 1962. Charleroi ulikuwa mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na Lemaître alianza kusomea uhandisi wa migodi. Mwaka 1914 vita vikazuka na majeshi ya Ujerumani yakaingia Ubelgiji. Kijana huyo aliacha masomo, akajiunga na jeshi, akatumika katika kikosi cha mizinga. Alipewa nishani kwa ushujaa wake.

Vita vilipokwisha hakurudi kwenye migodi. Alisoma hisabati na fizikia, kisha akaingia seminari. Mwaka 1923 akapewa upadri. Usidhani upadri ulimfungia mlango wa sayansi. Mwaka huohuo alikwenda Cambridge, Uingereza, kujifunza elimu ya nyota, halafu akavuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1925 alirudi kwao, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain karibu miaka 40.

Siku hizo wataalamu wengi, hata Albert Einstein aliyesifika dunia nzima, waliamini kwamba ulimwengu umekaa vilevile siku zote, haukui wala haupungui. Lemaître alizichukua hesabu za Einstein mwenyewe akazipiga upya. Tena alitazama vipimo vya wenye darubini kubwa. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba makundi makubwa ya nyota, yaitwayo galaksi, yanakwenda mbali nasi.

Walijuaje? Walijua kwa mwanga. Simama kando ya barabara, basi lipite mbio likipiga honi. Likija, sauti ni nyembamba. Likishakupita, sauti huwa nzito. Mwanga nao hubadilika kwa namna hiyo. Mwanga wa kitu kinachokwenda mbali huelekea kwenye wekundu.

Mwaka 1927 Lemaître aliandika kwamba ulimwengu wenyewe unatanuka. Fikiri donge la unga wa maandazi uliotiwa hamira, nawe umechanganya punje za choroko ndani yake. (Maandazi ya namna hiyo sijui nani atayala, lakini kwa somo letu yanafaa.) Donge linapoumuka, kila punje huachana na nyingine, na zilizo mbali zaidi huachana upesi zaidi. Punje hazitembei. Ni unga unaoumuka.

Mwaka huohuo padri huyo alionana na Einstein mjini Brussels. Einstein alikubali kwamba hesabu hazina kosa, lakini maana yake aliikataa kabisa. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitoa vipimo vyake, na wataalamu wakaanza kusadiki. Sifa nyingi zikaenda kwa Hubble. Mwaka 2018 ndipo umoja wa kimataifa wa wataalamu wa nyota ulipopiga kura kwamba jina la Lemaître litajwe pamoja na la Hubble. Lemaître alikuwa kaburini miaka 52.

Mwaka 1931 alisogea mbele zaidi. Ikiwa ulimwengu unatanuka leo, basi jana ulikuwa mdogo, na juzi mdogo zaidi. Alisema vyote vilianza na kitu kimoja kilichosongamana mno, akakiita atomu ya kwanza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baadhi ya wataalamu walimshuku kwamba anataka kupenyeza Kitabu cha Mwanzo ndani ya hesabu. Fred Hoyle, Mwingereza asiyefuata dini, alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Lakini ni huyohuyo Hoyle, akizungumza redioni mwaka 1949, aliyeipa fikra ya Lemaître jina linalotumika mpaka leo, Mlipuko Mkuu.

Waumini nao walifurahi. Novemba 1951 Papa Pio wa 12 alihutubia wataalamu mjini Roma, akaeleza kwamba sasa sayansi yenyewe inashuhudia kuumbwa kwa ulimwengu. Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mkuu wa dini yako anasema elimu yako imeipa dini ushindi! Wengi wetu tungepiga vigelegele. Lemaître hakufurahi hata kidogo. Alizungumza na mshauri wa Papa wa mambo ya sayansi. Septemba 1952 Papa alipohutubia wataalamu wa nyota waliokutana Roma, hakuyarudia maneno yale.

Kwa nini padri akatae msaada kwa dini yake? Kwa Lemaître, Biblia inafundisha njia ya wokovu, haifundishi fizikia. Na hesabu inaweza kueleza ulimwengu ulikuwaje zamani sana, lakini haimlazimishi mtu kuamini wala kutoamini. Anayeamini na asiyeamini hutazama katika darubini moja. Mimi naongeza jambo jingine. Sayansi husahihishwa kila mara. Lemaître mwenyewe alidhani kwamba miali fulani inayofika duniani kutoka angani ni mabaki ya ule mwanzo, na haikuwa hivyo. Kama imani ya watu ingefungwa kwenye miali ile, ingekuwaje siku kosa lilipojulikana?

Mabaki ya kweli yalipatikana baadaye. Mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia chombo kikubwa cha kunasia mawimbi ya redio. Kilitoa mvumo usiokoma, popote walipokielekeza. Walidhani sababu ni njiwa waliojenga kiota ndani yake. Wakawaondoa njiwa, wakasafisha mavi yao. Mvumo ukabaki palepale. Kumbe lilikuwa joto lililosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, kama jivu la mekoni linavyokuwa na uvuguvugu asubuhi. Leo wataalamu wanakadiria kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8.

Habari za mvumo huo zilitangazwa mwaka 1965. Wakati huo Lemaître alikuwa mzee, na afya yake ilikuwa mbaya. Rafiki yake aliyefanya naye kazi alimpelekea habari hizo. Alikufa tarehe 20 Juni 1966, akiwa na umri wa miaka 71, habari hizo akiwa ameshazipata.