Sengier, mfanyabiashara aliyesafirisha urani ya Katanga kabla ya kupata mnunuzi

Septemba 18, 1942, luteni kanali wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia katika ofisi moja ya mtaa wa Broadway jijini New York akimtafuta Mbelgiji mmoja mwenye umri wa miaka 62. Alikuwa ametumwa kununua urani. Mwenyeji wake hakuwa na haraka. Kwanza alitaka kuona kitambulisho, kisha akataka kujua kama mgeni amekuja na mamlaka ya kununua au amekuja kuzungumza tu, kwa kuwa wa kuzungumza alikuwa amekwisha kuwachoka. Aliporidhika alimweleza kwamba mzigo anaoutafuta uko papo hapo mjini. Ulikuwa umelala kwenye bohari ya Staten Island, karibu tani 1,200, kwa muda unaokaribia miaka miwili.

Mbelgiji huyo alikuwa Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Haikupita hata saa moja makubaliano yakawa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya njano. Marekani ilichukua shehena ya Staten Island pamoja na haki ya kununua tani nyingine 3,000 zilizokuwa zimerundikwa juu ya ardhi kule Kongo. Hata hapo Sengier hakuuza kila kitu: radiamu iliyokuwamo ndani ya mawe hayo ilibaki mali ya upande wake.

Alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879, akahitimu uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven mwaka 1903. Mwaka 1911 alijiunga na Union Minière, kampuni iliyokuwa imeundwa miaka mitano tu nyuma kuchimba shaba ya Katanga. Huko ndiko alikopandia ngazi. Kampuni ilijenga miji, reli na kambi za wafanyakazi waliotoka pande nyingi za Kongo na nchi jirani, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi.

Mwaka 1915 mtafiti wa madini Mwingereza, Robert Sharp, aligundua mawe mazito yenye rangi kali katika kilima cha Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka mji unaoitwa leo Likasi. Ilikuwa urani. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na soko la maana. Mafundi waliitumia kutia rangi kwenye vyombo vya udongo na vioo. Kilichotakwa kilikuwa radiamu, iliyotumika hospitalini kutibu saratani na viwandani kung'arisha sura za saa gizani. Kwa hiyo mawe yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, tani kwa tani, ili kupata gramu chache. Ubelgiji ikashika soko la radiamu duniani. Baadaye Wakanada nao walianza kuchimba, bei ikaanguka, na kabla ya vita mgodi wa Shinkolobwe ukafungwa na kujaa maji. Mawe mengi yalikuwa bado yamekaa nje bila kazi.

Mei 1939 Sengier alikuwa London, akakutana na Sir Henry Tizard, mwanasayansi aliyeishauri serikali ya Uingereza kuhusu ulinzi. Tizard alimwonya kwamba ameshika kitu kinachoweza kuleta maangamizi ya nchi yake na ya Uingereza kikiangukia mikono ya adui. Siku chache baadaye wanasayansi wa Ufaransa, akiwamo Frédéric Joliot-Curie, walimwendea wakitaka urani hiyohiyo kwa utafiti wa bomu. Agosti mwaka huo barua ya Albert Einstein kwa Rais Roosevelt iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la urani duniani.

Sengier alihamia New York kabla Ujerumani haijaivamia Ubelgiji Mei 1940. Akiba iliyobaki Olen ilitekwa na Wajerumani. Ile ya Katanga ilikuwa salama, ila kwa muda gani hakuna aliyejua. Hapo alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi wangelikwepa. Aliamuru mawe yasafirishwe hadi Marekani bila oda, bila mnunuzi, na bila serikali yoyote kumwomba. Yalipita reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola, kisha yakavuka Atlantiki kwa mikupuo miwili. Yalifika mwishoni mwa 1940 yakiwa ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000. Wala mzigo haukufichwa: mapipa yaliandikwa wazi kuwa yana madini ya urani kutoka Kongo.

Kisha mtaji ukafungwa bohari. Mwaka 1942 Sengier aliwakumbusha maofisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani zaidi ya mara moja, lakini walichotaka wao kilikuwa kobalti. Aliwaeleza kuwa anacho kitu chenye thamani kubwa zaidi, wasimwelewe. Mpango wa bomu ulikuwa siri kiasi kwamba hata wizara hiyo haikuambiwa. Ndiyo maana alimpokea Nichols kwa ukavu ule.

Thamani ya shehena ilikuwa katika ubora wake. Mawe bora ya Shinkolobwe yalikuwa na urani asilimia 65, wakati yale ya Colorado hayakufika asilimia moja. Jeshi la Marekani lilipeleka wahandisi kuondoa maji mgodini na kazi ikaanza upya. Kwa hofu ya majasusi Lobito iliachwa, mzigo ukapelekwa kwa reli na mto hadi Matadi. Karibu theluthi mbili ya urani yote ya mpango huo ilitoka Kongo. Agosti 6, 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Siku tatu baadaye Nagasaki ilipigwa kwa bomu la plutoniamu, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na urani. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki.

Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa nishani ya Marekani iitwayo Medal for Merit, raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Hafla ilifanywa kimyakimya. Wanasayansi wakalipa jina lake, sengierite, dini moja lenye urani lililopatikana Katanga.

Wapo wanaomwita mtu aliyeona mbali, na kwa hesabu za vita alistahili. Lakini alikuwa pia muuzaji aliyejua bei ya alichokishika, na onyo la Tizard lilimweleza kingeweza kufanya nini. Vibarua Wakongo waliochambua mawe yale kwa mikono na kuyapakia kwenye magunia hawakupata onyo kama hilo. Hawakuambiwa mzigo unakwenda kufanya nini, wala vumbi na mionzi yake vina madhara gani mwilini. Nchi yao haikuwa na sauti katika mikataba iliyosainiwa. Mkataba mkubwa wa 1944 ulikuwa kati ya Ubelgiji, Uingereza na Marekani.

Sengier aliacha ukurugenzi mwaka 1949 lakini akabaki kwenye bodi hadi 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo. Kabla Wabelgiji hawajaondoka, mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege. Alifariki Cannes, Ufaransa, Julai 1963.

Zege halikuwazuia watu. Kobalti, ileile waliyoitaka maofisa wa 1942, ilipopata soko, wachimbaji wadogo walirudi Shinkolobwe kwa maelfu wakiwa na sururu na magunia, wakichimba pembezoni mwa mgodi wa zamani. Januari 2004 serikali ya Kongo ilitoa amri ya kuufunga. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua wachimbaji wanane. Kijiji kilichokuwa kimeota pembeni yake kilibomolewa, na hadi leo uchimbaji pale ni marufuku.