Roger Casement, konsuli aliyerudi mtoni

Roger Casement, mzaliwa wa Ireland (1864), alifika Kongo mwaka 1884 kuitumikia Association Internationale ya Léopold II. Kwa hiyo alipoteuliwa konsuli wa Uingereza huko Boma, mto hakuwa mgeni kwake. Hilo ni jambo kubwa: mwaka 1903, serikali yake ilipomtuma kuchunguza habari za ukatili wa mpira, aliweza kulinganisha. Lukolela aliyoiona mwaka 1887 ikiwa na watu wapatao 5.000 ilibaki na wasiofika 600.

Hakutaka kupanda meli za Serikali. Alikodi Henry Reed, meli ya wamisionari Wabaptisti wa Marekani, ili asimame popote apendapo. Lakini lugha za huko hakuzimudu. Maneno ya wanakijiji yalimfikia kupitia wakalimani na wamisionari, kisha akayaandika kwa Kiingereza. Sisi wa isimu tunajua uzito wa njia hiyo. Kijana Epondo alimtaja askari wa kampuni kuwa ndiye aliyemkata mkono. Casement alipoondoka, Epondo alihojiwa tena, akasema ni nguruwe mwitu. Watetezi wa Léopold walishikilia kauli hiyo ya pili kana kwamba inafuta mikono yote mingine iliyokatwa.

Ripoti ilitoka Februari 1904, majina ya watu na vijiji yakiwa yamebadilishwa kuwa herufi tupu. Casement alikasirika, na naona alikuwa na haki: shahidi asiye na jina wala kijiji ni rahisi kumkana. Hata hivyo ripoti ilifanya kazi. Morel alianzisha chama cha kutetea Wakongomani, Léopold akalazimika kutuma tume yake, nayo ikathibitisha mengi. Mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya nchi, bila kutuuliza sisi.

Baadaye Casement alichunguza mateso ya mpira huko Putumayo, mpakani mwa Peru na Kolombia, akapewa cheo cha Sir mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye, akiwa ameshaacha kazi, alikwenda Ujerumani kutafuta silaha za kuikomboa Ireland. Aliyeona ukoloni kwa karibu hivyo, sishangai aliugeukia wa kwao. Waingereza walimkamata Aprili 1916 na kumnyonga tarehe 3 Agosti, London. Mifupa yake ilirudishwa Dublin mwaka 1965.